Sanduku Moja, Ufunguo wa Kila Mtu

Kama gazeti la wiki jana limeshafungiwa maandazi, usijali. Tulimwacha Kavindu mbele ya kompyuta ya Mzee Mbaluka, ofisini kwake pale mtaani Umoja, vidole vimemgandia juu ya kibodi, anasoma mstari ambao hakutaka kuusoma kwa sauti. Mlangoni alikuwa amesimama Khadro, mwuza vitambaa wa Mowlem, amejifukiza udi, ameshika sahani ya halwa iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa amekuja kuchukua nambari ya simu ya Muse, ndugu yake wa pekee aliyebaki duniani.

Mstari wenyewe ulisema: AKAUNTI HII IMEFUNGWA.

"Amesemaje Muse?" akauliza Khadro.

Kavindu alikuwa msichana wa kumeza maneno. Chuo cha uhazili kilimfundisha kupiga chapa bila kutazama vidole vyake. Hakikumfundisha kumpa mtu habari mbaya bila kutazama uso wake.

"Bado, Mama Fartun. Mashine imekwama kidogo."

"Izime uiwashe," akasema Mzee Mbaluka kutoka nyuma ya gazeti.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya Mzee kwa kompyuta, redio na pasi. Aliwahi kuijaribu hata kwa kwaya ya kanisa: aliwatoa nje wote, wakaingia upya. Aliapa kwamba waliimba vizuri zaidi.

Kavindu akaizima. Akaiwasha. Modemu ikalia kama birika lililosahauliwa motoni. Mstari ukarudi, na safari hii ulikuwa na mwenzake chini yake.

MWENYE AKAUNTI HII NI TAPELI. MWENYE MALALAMIKO AMWANDIKIE BAWABU.

Mzee Mbaluka alikunja gazeti lake mara mbili, akaliweka chini.

"Tapeli nani?"

"Sisi, Mzee."

"Sisi wa Umoja?"

"Sisi wa hii ofisi."

Khadro aliingia, akaketi kwenye benchi karibu na mlango, sahani mapajani. Kando yake aliketi binti yake Fartun, aliyekuwa amemsindikiza. Fartun alikuwa rafiki mkubwa wa Kavindu, msichana wa maneno mengi. Leo hakuwa na hata moja.

"Kavindu," Khadro akasema taratibu, "Muse anahama kesho."

"Najua, Mama Fartun."

"Anaandika kwa kompyuta ya maktaba, kule Kanada. Kesho anapanda basi kwenda mji mwingine kutafuta kazi. Kule sijui kama kuna maktaba. Leo ndiyo siku aliyosema atanipa nambari."

"Najua."

"Basi fungua."

Msomaji, ingekuwa mlango tungeuvunja. Lakini huu haukuwa mlango. Ilikuwa Kibarazani, mahali pa kupigia soga ndani ya intaneti, ambapo watu wa Afrika Mashariki waliotawanyika kwenye nchi za baridi hukutana kuulizana habari za nyumbani. Ukiingia unapewa jina na akaunti. Mlinzi wa pale aliitwa Bawabu. Alifungua, alifunga, na hakuna aliyejua sura yake. Humo Kibarazani, mwezi uliopita, ndimo Khadro alimompata ndugu yake waliyepotezana vitani Kismayu mwaka wa tisini na moja. Kwa miaka minane alikuwa amemhesabu miongoni mwa wafu.

Na sasa Bawabu alikuwa amefunga.

"Niaje, niaje!" Okumu, dereva wa lori la soda, akaingia akizungusha funguo kidoleni. "Kavi, si unichekie kama yule dame wa Boston amejibu?"

"Tumefungiwa, Okumu."

"Mmefungiwa ninyi nani?"

"Wote. Hata wewe."

Okumu akaacha kuzungusha funguo. "Manze! Na nilikuwa nimemwambia mimi ni injinia!"

"Uongo huo uliuandika kwa akaunti gani?" Mzee akauliza.

"Si ile ya hapa, Mzee. Ile yetu."

Hapo ndipo Kavindu alianza kuelewa.

Ile yetu. Hakukuwa na nyingine. Mzee Mbaluka alipoleta intaneti Umoja, aliifikiria kama sanduku la posta, na nani angemlaumu? Familia ngapi Eastlands zimepokea barua miaka yote hii kwa sanduku moja la kanisa au la shule? Unaandika jina lako, chini yake unaandika kwa hisani ya padri fulani, na barua inafika. Sanduku moja linatosha mtaa. Basi Mzee alifungua akaunti moja, akaiita Umoja, na kwa sababu sanduku huhitaji ufunguo, akachagua neno la siri: Zaburi23.

Jumapili hiyo alisimama kanisani wakati wa matangazo, baada ya habari za harusi na kabla ya habari za choo kipya. "Wapendwa," alisema, "sasa tuna anwani yetu ya kompyuta. Neno la siri ni Zaburi23, bila nafasi katikati. Mlishike sana."

Walilishika. Na ili Waislamu wasije wakasema wamebaguliwa, alimwomba Abdiqadir mwenye duka la jumla awatangazie wenzake baada ya swala ya Ijumaa. Abdiqadir alitangaza. Hakuna aliyelalamika, maana Zaburi ni kitabu cha Nabii Daudi na pande zote mbili zinamheshimu.

Kwa hiyo siri hiyo ilijulikana kutoka Umoja hadi Mowlem, na Jericho pia, kwa wale waliokuwa na jamaa huko.

Barua zilizokuja, Kavindu alizichapa kwenye karatasi na Mzee akazibandika ubaoni kwa pini, kama matokeo ya mtihani. Aliyetaka ya mwenzake aliisoma. Aliyepita njia aliisoma pia. Siri ya mtu ilikuwa ukubwa wa herufi tu: Kavindu alizipunguza kidogo zile alizoona ni za mambo ya nyumbani.

"Mwandikie huyo Bawabu," Mzee akaamuru. "Mwambie mimi ni mzee wa kanisa."

Kavindu akaandika. Nyuma yake wakasimama wote watatu, Mzee, Okumu na Khadro, wanapumulia kisogo chake. Fartun peke yake alibaki kwenye benchi.

"Habari za kazi, Bawabu," Kavindu aliandika. "Sisi si matapeli. Tunaomba kufunguliwa. Kuna mama anatafuta ndugu yake."

Jibu lilikuja upesi kuliko walivyotarajia. Kavindu akalisoma kwa sauti, kama alivyozoea, kwa sababu Khadro alisoma herufi za Kurani na hizi za kwenye skrini hakuzisoma.

"'Wewe ni yupi leo?'"

"Anamaanisha nini?" akauliza Mzee.

Mstari mwingine ukajitokeza. Kavindu akasoma. "'Asubuhi mnakuwa mchongaji anayeuza twiga wa mbao. Mchana injinia kijana anayetafuta mke mcha Mungu, asiwe na watoto.'"

Mzee akamgeukia Okumu. Okumu akatazama dari.

"'Jioni mnakuwa mama anayetafuta ndugu. Hayo niliyavumilia. Lakini Jumanne mlitutangazia msiba. Watu walilia hapa, wengine wakamwombea marehemu. Jumatano marehemu akaingia, akatusalimu wote, akauliza kama kwenu kuna baridi.'"

Jirani, kwenye kinu cha posho, mashine ilikuwa inasaga mahindi ya mtu.

"Nani amekufa?" Khadro akauliza.

Jina lilikuwa kwenye mstari uliofuata, na Kavindu alilisoma mara mbili kimoyomoyo, akitumaini kwamba lingebadilika.

"Wewe, Mama Fartun."

Mzee Mbaluka akavua kofia. Halafu akaona Khadro anamtazama, akairudisha kichwani.

"Pole, mathe," Okumu akasema, maana hakujua mtu husema nini.

"Mimi?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Jumanne nilikuwa sokoni nauza kitambaa cha pazia!"

"Nilikuona," Mzee akathibitisha. "Hukuwa na dalili."

Na Jumatano, Kavindu alikumbuka, ni yeye mwenyewe aliyeandika salamu zile. Khadro alimwambia maneno, yeye akayapiga. Hakupanda juu kuangalia yaliyoandikwa jana yake. Simu ilikuwa inakula dakika, na amri ya Mzee iliandikwa kwa chaki ukutani: ANDIKA, TUMA, KATA. Aliandika, akatuma, akakata. Hivyo ndivyo marehemu alivyosalimia watu.

"Muulize nani alisema nimekufa," Khadro akasema.

Kavindu akauliza. Bawabu hakubishana. Aliwatumia nakala ya tangazo zima, kama lilivyoandikwa kwa akaunti ya Umoja.

Kavindu akasoma.

"'Ndugu Muse. Kwa huzuni nakujulisha kwamba dada yako Khadro amefariki ghafla. Amezikwa. Tafadhali usiandike tena kwa anwani hii.'"

Kulikuwa na mistari miwili zaidi.

Kavindu alikuwa na sheria moja katika kazi ile. Aliwasomea watu kila kitu. Alimsomea mke barua ya mume aliyeoa kwingine. Alimsomea Nzivo mchongaji kwamba twiga wake hawafanani na twiga. Alisoma vyote, hadi nukta ya mwisho, kwa sauti ile ile ndogo. Aliamini kwamba asiyeweza kusoma akifichiwa neno moja, ameibiwa.

Alitazama mistari ile miwili. Halafu akainua macho juu ya kompyuta, hadi kwenye benchi. Fartun alikuwa anamtazama.

"Basi?" akauliza Khadro.

"Basi," Kavindu akasema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Ghafla!" Mzee akatikisa kichwa. "Hata ugonjwa haukutajwa."

"Nilizikwa wapi?"

"Haikusema, Mama Fartun."

"Hata kaburi sikupewa." Khadro akacheka, kicheko kifupi. Halafu kikamwishia. Akarudi kwenye benchi na kuketi. "Muse ameisoma hii?"

Mzee akaokota gazeti lake, akaliweka chini tena.

"Ameisoma. Sasa ananiomboleza. Mimi nilimwomboleza miaka minane, najua uzito wake. Na ndugu yangu yuko peke yake kule, hana hata wa kumshika mkono." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nani ananichukia hivi? Nimemkosea nani Umoja hii?"

Mzee akamgeukia Okumu tena.

"Mimi?" Okumu akaruka. "Mzee, mimi naandika mapenzi tu! Si mauti!"

"Neno la siri ulilijua."

"Si ulilitangaza wewe! Na kipaza sauti kilisikika hadi steji ya matatu!"

Mzee akavuta kiti. Aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu alete intaneti Umoja, alionekana akifikiria kwamba huenda sanduku lile lilikuwa na tofauti na la posta.

"Karatasi zimeisha," Kavindu akasema ghafla. "Fartun, nisaidie kuleta."

Karatasi hazikuwa zimeisha. Lakini nyuma ya ofisi, mahali Mzee alipoweka pipa la maji na maboksi, hapakuwa na masikio.

"Ulisoma hadi mwisho?" Fartun akauliza kabla mlango haujafungwa vizuri.

"Nilisoma."

"Lakini hukusema."

"Niliruka. Fartun, uliandika hadi jina lako!"

"Ningeandikaje tangazo la msiba bila kusema mfiwa ni nani? Asingeamini."

Mistari miwili ile, msomaji, ilikuwa hivi: Binti yake yuko salama Umoja, ana marafiki, anaanza chuo, wala hataki kuja Kanada. Ni mimi mwanawe, Fartun.

"Mimi nilitaka aache kuandika tu," Fartun akasema. "Tangu Muse amwambie Mama kwamba atatuita kule, nyumba imekwisha. Mama amegawa sufuria zetu kubwa, Kavindu. Sufuria! Mtu akigawa sufuria hatanii."

"Ungemwambia hutaki kwenda."

"Nani humwambia mama yake hapana, siku ambayo ndugu yake amefufuka?"

"Kwa hiyo ukamuua yeye."

"Kwenye kompyuta tu."

Kavindu alitaka kukasirika. Alijitahidi. Lakini Fartun alikuwa ameegemea pipa la maji, mikono imekumbatia mabega, na ghafla akaonekana mdogo.

"Nilikuwa na miaka kumi tulipokimbia," Fartun akasema. "Mimi nilipewa mkeka niubebe. Nilifika hapa sijui neno, nikaanza kuuliza watu kwa mikono choo kiko wapi. Sasa kila mwenye kibanda Mowlem ananijua. Muhula ujao naanza ualimu. Nimeshahama mara moja, Kavi. Sitaki kuanza tena kuuliza choo kiko wapi."

Kavindu akamshika mkono. Mtu mwingine angemwambia aende akaseme ukweli. Kavindu hakuwa mtu mwingine.

"Mimi sitasema," akamwambia.

Ahadi kama hiyo hutoka upesi. Kuilipa ndiko kunachukua muda.

Waliporudi, Okumu alikuwa amekalia kiti cha Kavindu.

"Kavi, huyu Bawabu ni mtu wetu!" alipiga kelele. "Nimemwandikia!"

"Umemwandikia nini?"

"Nimemwambia ukweli. Hapa ni kama lile boksi la posta la kanisa. Watu wengi, boksi moja. Sikia amejibu nini." Akasoma akifuata mistari kwa funguo za lori. "'Mimi nimekulia Jericho, nyumba za kansul ya jiji. Barua zetu zilikuja kwa sanduku la kanisa. Ufunguo alikuwa nao mama mmoja aliyesoma bahasha za watu kwa sauti akiwa njiani. Mtaa mzima ulijua nimefeli mtihani kabla mimi sijajua.'"

"Mama huyo namfahamu," Mzee akasema. "Ni shemeji yangu."

"'Nawaamini. Nimewafungulia. Lakini badilisheni huo ufunguo, na mzee asiutangaze popote.'"

Khadro alikuwa ameshasimama. "Amefungua? Mwandikieni Muse! Mwambieni niko hai!"

"Ngoja, mathe, kuna nyingine." Sauti ya Okumu ikashuka. "'Kwa huyo Muse mmechelewa. Alisoma tangazo Jumanne, akafunga akaunti yake mwenyewe siku hiyo hiyo. Alisema hana tena sababu ya kukaa barazani.'"

Ndivyo ilivyo dunia, msomaji. Mlango umefunguliwa, na aliyekuwa ndani ametoka kupitia dirisha.

"Muulize anakaa wapi," Khadro akasema. "Bawabu lazima anajua. Muulize nambari yake!"

Okumu akaandika. Wote wakasubiri. Hata kinu cha posho kilinyamaza.

"Anasema..." Okumu akakuna kichwa. "'Anwani ninayo. Sitoi. Siri ya mtu siitoi kwa ndugu, wala kwa serikali, wala kwa marehemu.'"

"Mimi si marehemu!"

"Anajua, mathe. Nafikiri anatania."

"Mwandikie," Kavindu akasema kwa sauti yake ndogo, na wakageuka wote, kwa kuwa si kawaida yake kuagiza. "Mwandikie kwamba hatutaki nambari. Yeye ndiye ampelekee Muse neno. Akitaka atujibu, asipotaka asijibu. Hivyo siri yake hajaitoa."

Okumu akaandika, kidole kimoja, kwa mateso. Kavindu alisimama karibu na ukuta, karibu na simu na waya wa modemu. Ofisi ile ilikuwa na laini moja tu. Kompyuta ikiwa kwenye intaneti, simu haipokei. Simu ikipokea, kompyuta haina intaneti.

Jibu likaja.

"'Hilo naweza,'" Okumu akasoma. "'Lakini huenda halina haja. Muse aliniandikia leo asubuhi yake, maktaba ilipofunguliwa. Amechukua nambari ya simu iliyo chini ya matangazo yenu yote.'"

"Niliiweka mimi," Mzee akasema kwa fahari iliyorudi. "Kwa ajili ya wateja."

"'Usiku wenu alipiga, ikalia bila kupokewa. Tangu asubuhi yenu, kila akijaribu, anaambiwa iko bize. Anataka kuuliza dada yake amezikwa wapi. Nilimwambia aache, ninyi ni matapeli. Sasa hivi namwandikia kwamba nilikosea. Kwa jina la Mungu, kateni laini, apate kupiga.'"

"Kata!" Khadro akalia. "Kavindu, kata!"

"Ngoja, ngoja," Okumu akasema. Alikuwa amepanda juu ya ukurasa, anatafuta kitu. "Ile nakala ya tangazo iko hapa juu bado. Kavi, mbona kuna maneno hukutusomea? 'Binti yake yuko...'"

Kavindu aliung'oa waya wa modemu ukutani.

Kompyuta ikatoa mlio mmoja na kunyamaza. Skrini ikawa nyeupe kama shuka.

"Bawabu amesema tukate," Kavindu akaeleza. Akauchomeka waya wa simu.

"Ilisema binti yake," Okumu akaendelea, anamtazama Fartun, halafu Khadro, halafu Fartun. "Binti yake yuko nini?"

Macho yote yalikuwa kwenye simu.

Ilikuwa simu nyeusi, ya zamani, Mzee aliinunua mnadani. Ilikuwa na kasoro moja iliyojulikana mtaa mzima: sauti yake ilikuwa kubwa mno. Aliyepiga, hata akinong'ona, alisikika hadi kwenye benchi. Watu wa Umoja walikuwa wameachana na kupatana mbele ya foleni kwa sababu ya simu ile.

Haikulia.

Khadro akaanza kusoma dua chini ya pumzi. Mzee akainamisha kichwa, na yeye akaanza ya kwake.

Ikalia.

Khadro aliifikia kabla mtu mwingine hajanyanyua mguu. Halwa ilikuwa imeanguka chini, hakuna aliyeiona.

"Hallo?" Khadro akasema.

Upande wa pili kulikuwa na vumi, kama upepo ndani ya mtungi. Halafu sauti ya mwanamume, imechoka, inajieleza kwa Kiswahili cha kuomba radhi.

"Samahani. Natafuta mtu wa kunionyesha kaburi la dada yangu. Anaitwa Khadro."

Ofisi nzima ilimsikia.

"Muse," Khadro akasema.

Vumi.

"Muse, ni mimi."

"Nani?"

"Niliyekuchoma kwa chai ukiwa mdogo, ukamwambia Mama ni paka."

Upande wa pili, mtu alivuta pumzi na haikutoka. Halafu neno moja likaja, lile ambalo kwa lugha yao maana yake ni dada, likapasuka katikati.

"Abaayo?"

Mzee Mbaluka alivua kofia tena, na safari hii hakuirudisha. Okumu aligeukia ukuta na kukagua kalenda kwa makini sana.

Walilia wote wawili, Khadro Umoja na Muse Kanada, kwa sauti ya simu ya mnada. Waliongea kwa lugha yao, wakarukia Kiswahili, wakarudi. Kavindu alisimama kando ya simu, machozi yanamtiririka, amesahau kuyafuta. Na ndipo akasikia Khadro akiuliza, kwa Kiswahili safi kilichomfikia kila mtu:

"Sasa niambie, ndugu yangu. Ni nani aliyekwambia nimekufa?"

Kwenye benchi, Fartun akasimama.

Kavindu alitazama simu. Kitufe cha kukatia kilikuwa pale juu ya simu, karibu kabisa na mkono wake. Kukibonyeza mara moja tu. Angesema laini imeanguka. Laini za Umoja huanguka kila siku. Muse alikuwa hajatoa nambari yake. Kesho angekuwa kwenye basi. Huenda angepiga tena, huenda asingepiga, na huenda ingekuwa miaka minane mingine. Lakini alikuwa ameahidi.

Kidole chake kikafika juu ya kitufe.

Mkono mwingine ukakishika. Ulikuwa wa baridi. Fartun alikinyanyua kidole kile taratibu, kama mtu anayemtoa mdudu kwenye nguo ya mwenzake, akakiweka kando.

"Usikate," akanong'ona. "Ni ndugu yake."

Muse akajibu. Khadro alikuwa ameibana simu sikioni kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, hakuna mwingine aliyesikia neno.

Alisikiliza kwa muda. Uso wake haukubadilika. Alisema "ndiyo" mara moja, na "nimeelewa" mara moja. Halafu akageuka, akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

Akamnyooshea simu.

"Njoo, Fartun," akasema kwa upole uliomtisha Kavindu kuliko kelele. "Mjomba wako anataka kukupa pole. Anasema wewe ndiye uliyefiwa."